Yah: Fomu ya likizo iliyolala kwenye trei ya kijani

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, Ndugu Meneja Rasilimali Watu na Ndugu Meneja wa TEHAMA,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nimeanza kama zinavyoanza barua zetu zote ili mnitambue. Ni mimi, karani wenu wa utawala, yule anayekaa karibu na mashine ya kudurufu. Jina la kampuni silitaji. Inatosha kusema kwamba tunatoa mizigo bandarini Dar es Salaam na kuipeleka Zambia na Kongo. Mfanyakazi wa kampuni nyingine akisoma hapa akadhani nasema ya kwao, huenda hatakuwa amekosea sana. Naandika hadharani kwa sababu dokezo nililoliweka ndani ya jalada mara mbili lilirudi na neno lilelile la wino mwekundu, "Nimeona", na mambo yakaishia hapo.

Ninaomba maombi ya likizo yatoke kwenye karatasi, yaingie kwenye Microsoft 365. Kampuni inailipia kila mwezi, nasi tunaitumia kwa barua pepe na vikao vya Teams basi. Siombi mfumo mpya ununuliwe.

Kwa asiyejua safari ya fomu yetu: ina nakala 3, nyeupe, ya waridi na ya njano. Mwombaji anajaza, anamtafuta wa kumkaimu asaini, msimamizi anasaini, mkuu wa idara anasaini, kisha inaingia kwenye trei ya kijani kusubiri mtu wa rasilimali watu afungue Excel atazame siku zilizobaki. Kutoka hapo inapanda ghorofani. Ikishuka, nakala ya njano ndiyo ya mwombaji, na kwa kuwa kaboni ya chini haishiki, anakabidhiwa karatasi ya njano isiyosomeka. Wenzetu wa Tunduma hupiga picha fomu, huituma kwa WhatsApp, sisi huichapisha, husainiwa, hupigwa picha tena na kurudishwa. Saini ya mkuu wa tawi ikifika huku inafanana na sisimizi aliyekanyagwa. Lile faili la Excel nalo lipo mara 4 kwenye kompyuta 2, na kila moja jina lake linadai kuwa ndilo la mwisho.

Mnakumbuka kisa cha mtunza ghala. Ofisi ilisema amemaliza siku zake zote 28, yeye akasema ametumia 17. Fomu ilitafutwa masijala, haikuonekana. Mwishowe tukateremka getini, tukaomba daftari la mlinzi, tukahesabu ukurasa kwa ukurasa. Ndani ya zile siku 28 mtunza ghala alikuwa ameingia getini siku 11, asubuhi hadi jioni, kwa sababu meli ilitia nanga na aliitwa kwa simu arudi kuhesabu mzigo. Hakuna aliyeandika popote kwamba likizo yake imekatwa. Kampuni yenye kompyuta kila meza iliokolewa na daftari la mistari na kalamu ya mlinzi. Tangu siku ile najua kwamba kumbukumbu halisi za likizo za kampuni hii ziko getini.

Jambo hili si la usumbufu wa makaratasi tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 28 mfululizo za likizo ya mwaka kwa kila mzunguko wa miezi 12, sikukuu zikiangukia humo zikiwa zimehesabiwa ndani. Mwajiri ndiye anayepanga lini zichukuliwe, lakini zisipite miezi 6 baada ya mzunguko kuisha, au miezi 12 iwapo mfanyakazi ameridhia na kazi yenyewe inadai hivyo. Na mzunguko huo unahesabiwa tangu siku mtu alipoajiriwa. Excel yetu inamhesabia kila mtu Januari hadi Desemba, hata aliyeanza kazi Septemba. Ajira ikikoma, siku alizozichuma bila kuzitumia hulipwa fedha, kwa kipimo cha mshahara wa siku 1 kwa kila siku 13 za kazi. Gawanyeni 365 kwa 13 muone inavyorudi kwenye 28. Hesabu ni nyepesi kwa mwenye tarehe sahihi. Asiye nazo akifikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, ataanza kueleza habari za trei.

Sasa nije kwenye chombo chenyewe. Ndani ya leseni zetu zimo Microsoft Forms ya kutengeneza fomu, SharePoint ya kutunza mafaili na orodha za pamoja, Outlook, Teams, na Power Automate ambayo kazi yake ni kungoja tukio fulani na kuendesha yanayofuata bila mtu kuyasukuma. Mfanyakazi anafungua kiungo kwenye simu, anachagua aina ya likizo, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na jina la atakayekaimu. Jina lake hajazi, kwa kuwa ameingia kwa akaunti yake na fomu inamtambua. Akituma, Power Automate inaandika mstari kwenye orodha iliyoko SharePoint, inatazama kwenye saraka ya wafanyakazi, yaani orodha ya akaunti zote na nani yuko chini ya nani, mkubwa wake ni nani, na kumpelekea ombi kwenye Teams likiwa na vitufe 2, kubali na kataa, na nafasi ya kuandika sababu. Akibonyeza, mwombaji anapata barua pepe, na jina lake linaingia kwenye kalenda ya idara. Saa na jina la kila aliyegusa ombi vinabaki pale. Hakuna kiunganishi (kile kinachoziunganisha programu hizi) cha kulipia zaidi kinachohitajika kwa hayo yote. Ya kawaida yanatosha. Ofisi zinazotumia Google zinaweza kufikia palepale kwa Google Forms, Sheets na Apps Script. Na ndugu zetu watumishi wa umma wana mfumo wao wa mtandaoni wa ESS (Employee Self Service), kwa hiyo habari ya kuomba likizo kwa simu si ndoto ya karani mmoja.

Naijua njia hii kwa sababu nimeijaribu. Jioni 3 baada ya kazi, mimi na kijana mmoja wa TEHAMA (msimwadhibu, nilimwomba mimi) tuliijenga ya majaribio. Ombi la kwanza nililotuma lilikwenda kwa meneja aliyeacha kazi zamani, maana kwenye saraka yetu ndiye bado bosi wangu. La pili, nililolituma kwa jina la kijana, halikwenda popote. Mahali pa bosi wake ni patupu. Programu haikukosea. Ilisoma tulichokiandika, na tulichokiandika ni uongo. Ndugu Meneja wa TEHAMA, kabla ya fomu, kabla ya yote, saraka isafishwe: nani yuko chini ya nani leo. Ni kazi ya kuchosha na ndiyo robo tatu ya kazi nzima.

Yapo mashimo mengine madogo ambayo nimeyakanyaga ninyi msiyakanyage. Power Automate hufuata saa za UTC, saa za kimataifa, zilizo nyuma ya zetu kwa saa 3. Dereva akituma ombi saa 7 usiku wa kuamkia Julai 1, litapigwa mhuri wa Juni 30, na kama kanuni yetu ni kuomba siku 14 kabla, siku moja hiyo italeta ugomvi. Kuna hatua ya kubadili saa ndani ya programu. Itumike. Kalenda ya Outlook nayo, kwa tukio la siku nzima, hutaka tarehe ya mwisho iwe siku inayofuata. Ukiiambia Ijumaa, itaonyesha mtu amerudi Ijumaa, nawe utamtafuta mezani bure. Na mtiririko wenyewe, yaani ule mfuatano wa hatua ndani ya Power Automate, usijengwe kwenye akaunti yangu wala ya kijana. Mwenye akaunti akiondoka kazini akaunti ikafutwa, miunganisho yake inakatika, na kampuni nzima haitaweza kuomba likizo kwa sababu mtu mmoja amepata kazi kwingine. Iwekwe akaunti ya ofisi, yenye wasimamizi 2.

Hayo ni ya fundi. Yaliyobaki ni yenu wakubwa, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

La kwanza ni kimya. Fomu ya karatasi ina fadhila moja kubwa kwa mkubwa: haisemi iko kwa nani. Mtu akiuliza anaambiwa bado haijashuka, au ilikuwa hapa juzi, na hakuna wa kulaumiwa kwa kuwa trei haina mdomo. Kwenye orodha ya SharePoint kila ombi litakuwa na jina la aliyelishika na siku ambazo amelishika. Nadhani hii ndiyo sababu dokezo langu lilionwa tu. Naomba radhi kusema hivyo, lakini sijapata sababu nyingine. Gharama haiwezi kuwa sababu, maana imeshalipwa.

Kimya hicho kina hatari hata ndani ya programu. Mtiririko wa Power Automate hauishi zaidi ya siku 30. Mkuu wa idara akisafiri mwezi na nusu bila kubonyeza chochote, ombi linakufa njiani, na mwombaji asipoambiwa tumerudi kwenye trei ileile. Wapo wanaopendekeza kwamba mkubwa akikaa kimya siku 5 ombi likubalike lenyewe. Mimi sikubaliani nao. Tutajikuta siku meli inatia nanga hatuna hata mtu mmoja wa kwenda kwenye forodha, na mfumo utalaumiwa mpaka uzimwe. Napendelea hivi: siku ya 3 mkubwa akumbushwe, siku ya 5 ombi lihamie kwa kaimu wake, na mwombaji apewe taarifa kwamba limehama na limehamia kwa nani. Kukataa kuruhusiwe, ila kuwe na sababu iliyoandikwa na tarehe nyingine iliyopendekezwa. Na Mkurugenzi Mtendaji naye aombe likizo humohumo. Asipoomba humo, wakuu wa idara watajua kuwa hiki ni kitu cha makarani.

La pili ni msiba, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Sheria inatoa angalau siku 4 za malipo mtoto anapougua au kufariki, au anapofariki mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Fomu yetu ya sasa inaweka msiba na safari ya mapumziko kwenye njia moja, saini zilezile kwa mpangilio uleule. Kuna mwenzetu alifiwa na baba yake Sumbawanga. Karatasi yake ilisainiwa siku watu walipokuwa wanaanua matanga. Yeye alikuwa ameshakwenda, bila shaka, maana hakuna anayengoja saini mzazi wake akizikwa, na aliporudi alikuta barua ya kujieleza. Tukihamisha utaratibu huo kwenye kompyuta kama ulivyo, tutakuwa tumeharakisha ubaya. Nasema kwa msiba mfumo usiulize. Mtu abonyeze "nimefiwa", aandike amefiwa na nani, na ujumbe uende kwa mkubwa wake na kwa rasilimali watu kama taarifa. Kukubali na kukataa kusiwepo kwenye njia hiyo. Cheti au barua ya mtendaji wa kijiji italetwa akirudi.

Halafu kuna ile orodha ya kuchagua. Fundi ataniuliza: katika "umefiwa na nani" niweke wepi? Sheria imetaja wake, na hao ni wa chini kabisa wasiopungua. Kwetu baba mdogo aliyekulea tangu darasa la kwanza ni baba. Mjomba ndiye aliyepokea mahari ya dada yako. Shangazi ndiye atakayekuuliza mbele ya watu ulikuwa wapi. Leo mambo hayo yanaamuliwa na moyo wa mkuu wa idara siku hiyo: huyu anapewa, yule anaambiwa mjomba hayumo. Kompyuta haina moyo, itataka jibu moja la kuandikwa. Kwa hiyo kaeni kikao mwamue, na muamue kabla fundi hajaamua kwa niaba yenu kwa kuacha mstari au kuongeza mstari. Mkisema baba mdogo anahesabika kwa siku zilezile 4, au kwamba zitakatwa kwenye likizo ya mwaka, vyovyote, tutajua. Hili pekee lingefaa kikao kizima hata kama Microsoft wasingekuwepo duniani.

Vilevile mwamue tunahesabu siku gani. Sheria inahesabu siku mfululizo. Idara yetu ya fedha inahesabu siku za kazi, ghala linahesabu zote. Mkichagua siku za kazi, mnazibeba sikukuu pia, na Idi hamuwezi kuifunga mapema ndani ya programu kwa kuwa inangoja mwezi uandame. Sikukuu zikae kwenye orodha ndogo ambayo mtu wa rasilimali watu ataibadilisha mwenyewe usiku huohuo kwa simu yake, bila kumwamsha fundi.

Ugonjwa nao una lake. Karatasi za daktari leo zinalala kwenye trei ya wazi, na kila anayekuja kudurufu anasoma mwenzake anaumwa nini. Nimesoma mambo ambayo sikupaswa kuyajua, na siwezi kuyasahau. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zile zinazotakiwa kulindwa zaidi. Kwenye mfumo mpya karatasi ya daktari iingie kwenye folda inayofunguliwa na watu 2 tu, na kalenda ya idara iandike kwamba fulani hayupo hadi tarehe fulani. Sababu isiandikwe. Mkuu wa idara anahitaji kujua pengo la kazi.

Nimewaacha madereva mwisho ingawa ndio wengi. Hawana barua pepe za kampuni, wako barabarani wiki nzima au mbili, na bando ni lao. Tukifungua kiungo kwa kila mtu bila akaunti, yeyote ataweza kumwombea mwenzake likizo kwa utani au kwa chuki, na utani wa yadi mnaujua. Mkiwapa leseni ndogo za wafanyakazi wa nje ya ofisi itakuwa vizuri, ila hiyo ni fedha mpya na nimeahidi sitaomba fedha mpya. Kwa kuanzia, msimamizi wa yadi ajaze kwa niaba yao, fomu iwe na sehemu ya namba ya kazi ya dereva, na dereva apewe namba ya ombi papo hapo. Kwa namba hiyo anaweza kuuliza akiwa Tunduma, au hata akiwa Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, kwenye foleni, na mtu yeyote wa ofisini atamjibu limefika wapi. Fomu iandikwe kwa Kiswahili. Sijui nani aliamua fomu ya sasa iwe ya Kiingereza, wakati anayeijaza, anayeisaini na anayeikataa wote wanaongea Kiswahili.

Najua dada zetu wawili wa rasilimali watu wana wasiwasi kwamba mfumo utawaondoa. Kazi itakayoondoka ni ya kupanda ngazi na kutafuta nakala ya waridi. Kusuluhisha, kupanga nani aende lini ili ghala lisibaki tupu mwezi wa Ramadhani au Krismasi, kumwita mtu aliyelimbikiza siku na kumwambia nenda ukapumzike kabla muda haujapita, hayo hakuna programu itakayoyafanya, na kwa sasa hayafanyiki kwa sababu wanashinda kwenye trei. Hata siku zikiisha, mfumo usikatae wenyewe. Uonyeshe kwamba zimeisha, mtu aamue.

Na likizo ikikatwa katikati, kama ya mtunza ghala, aliyemwita kazini aandike yeye. Kitufe kimoja: "Nimemrudisha, siku kadhaa." Siku zirudi kwenye hesabu ya mwenyewe palepale.

Mwaka jana mlimkaribisha muuzaji wa mfumo mkubwa, wenye alama za vidole na mishahara na tathmini ya kazi, tukapewa soda na kalamu. Sikatai, huenda siku moja tutaufikia. Lakini saraka yetu ikiwa na mabosi walioacha kazi, mfumo ule nao ungempelekea ombi langu mtu yuleyule, kwa bei kubwa zaidi.

Ninachohitaji kutoka kwenu ni kikao kimoja cha kuamua hayo niliyoyataja, akaunti moja ya ofisi, na ruhusa ya kuanza na idara ya utawala peke yake kwa mwezi mmoja, karatasi zikiendelea sambamba ili tukikosea tusimdhulumu mtu. Yale ya majaribio tuliyoyajenga bado yapo, tumeyazima tu. Ombi langu mwenyewe la likizo lipo kwenye trei ya kijani, la tatu kutoka juu, iwapo kuna atakayekuwa anapita.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Karani wa Utawala

Nakala: Mlinzi wa getini, zamu ya mchana, kwa kumbukumbu zake.